Moto wa Pumba Ndani ya Mishipa

Katika vijiji vya wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, wazee hupimwa kumbukumbu kwa njiti za kiberiti. Mpimaji anapanga njiti zake kwa umbo fulani, kisha mzee anaombwa apange zake vivyo hivyo. Anatajiwa maneno kumi ambayo ataulizwa tena baadaye, halafu anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hashikishwi kalamu. Kipimo hiki, kinachoitwa IDEA, kiliandaliwa na watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza, kwa sababu vipimo vya Ulaya vilikuwa vikimpa bibi asiyejua kusoma alama za mgonjwa hata kama akili zake ni timamu kabisa.

Kabla ya hapo, mwaka 2009 na 2010, watafiti walikuwa wamewafikia watu 1,198 wa wilaya hiyo wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu za kusawazisha umri, ilionekana kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia, ule ugonjwa wa kusahau unaomwondolea mtu kumbukumbu, kisha lugha, kisha uwezo wa kujihudumia. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha nchi tajiri. Waliokuwa wakiamini kwamba demensia ni maradhi ya Wazungu walipaswa kuanza upya.

Katika wilaya hiyohiyo, na kwa wazee wa rika hilohilo, wengine walikuwa wakipima presha. Karibu wazee saba kati ya kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakujua. Waliojua, wachache tu ndio waliokuwa wakimeza dawa, na waliomeza dawa, wachache zaidi ndio ambao presha yao ilikuwa imeshuka hadi mahali salama.

Nyumbani kwetu matokeo haya mawili hukaa mbalimbali. Presha ni ya hospitali: kuna kliniki yake, siku yake na kadi yake. Kusahau ni uzee. Babu anayeuliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa tunasema amerudi utotoni, tunamsikitikia, na mambo yanaishia hapo. Utafiti wa miaka thelathini iliyopita unasema tumekosea kuyatenganisha. Sehemu kubwa ya ugonjwa wa kusahau huanzia kwenye mishipa ya damu, huanza mtu akiwa bado na nguvu zake, na kinachounganisha moyo na ubongo katika safari hiyo ni inflamesheni.

Kila mtu aliyewahi kuchomwa na mwiba anaijua inflamesheni. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinauma. Kinga ya mwili imetuma askari wake, chembe nyeupe za damu, pamoja na kemikali za kuitana na kuua vijidudu. Kazi ikiisha, askari wanaondoka na kidole kinarudi kama kilivyokuwa. Bila hiyo tusingemaliza hata utoto.

Tatizo ni inflamesheni isiyozimika. Haina homa, haina maumivu, wala huwezi kuionyesha kwa kidole. Ni kama moto wa pumba za mpunga: juu unaona rundo la kijivu lisilo na mwali, kumbe ndani panawaka wiki nzima. Moto wa namna hii ukikaa kwenye ukuta wa ateri kwa miaka ishirini, ukuta huo haubaki ulivyokuwa.

Ateri imetandikwa kwa ndani utando mwembamba wa seli, seli moja tu kwa unene. Utando huo hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayoulegeza mshipa, na huamua kipi kipite na kipi kibaki. Presha ya juu huupiga bila kupumzika. Sukari nyingi, moshi wa sigara na lehemu mbaya, ile LDL, huuchubua. Ukishachubuka, LDL hupenya na kunasa chini yake, na kinga huiona kama adui. Chembe za kinga humeza lehemu hadi kujaa na kugeuka kuwa povu la mafuta, zinafia humohumo, na nyingine zinakuja kuzizoa. Hivyo ndivyo tabaka la mafuta linavyojengeka ndani ya mshipa. Siku moja ganda lake linapasuka, damu inaganda juu yake, na kinachofuata ni mshtuko wa moyo au kiharusi.

Wazo hili si geni. Mjerumani Rudolf Virchow alilisema katikati ya karne ya 19, lakini kwa muda mrefu madaktari wengi waliuona mshipa kama bomba linaloziba kwa mafuta, basi. Aliyelazimisha mjadala ufunguliwe upya ni daktari wa Boston, Paul Ridker. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliokuwa na afya njema, lakini damu yao ikiwa na kiwango cha juu cha CRP, protini ambayo ini huitengeneza pale inflamesheni inapokuwapo mwilini, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mshtuko wa moyo na kiharusi miaka ya mbele.

Lakini moshi kuonekana hakuthibitishi nani aliyewasha moto. Jibu la uhakika zaidi lilikuja mwaka 2017, katika jaribio lililoitwa CANTOS. Watu 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, na ambao CRP yao ilikuwa bado juu, walipewa ama sindano ya kanakinumabu, inayozuia ujumbe mmoja tu wa kinga uitwao interlukini-1 beta, au sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo haikugusa lehemu wala presha. Hata hivyo, kwa kipimo cha miligramu 150, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Gharama yake nayo ilijitokeza palepale: maambukizi yanayoua yaliongezeka, kwa kuwa kinga iliyofungwa mkono haichagui pa kulegea. Dawa haikuingia katika matibabu ya kawaida ya moyo, ila swali la miaka 150 lilikuwa limepata jibu.

Sasa tupande juu, tufike kichwani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna ghala la chakula. Kila wazo na kila jina unalokumbuka hulipiwa papo kwa papo na damu inayopita katika mishipa midogo isiyoonekana kwa macho. Mishipa hiyo ina ulinzi usiopatikana kwingine mwilini: seli za ukuta wake zimeshonana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo ndani ya damu haviruhusiwi kuingia. Upande wa ndani kuna mikroglia, askari wakaazi wa ubongo, ambao kazi yao ya kila siku ni kuzoa takataka na kukagua miunganisho ya seli za fahamu.

Inflamesheni ya mishipa huivuruga nyumba hii kwa zaidi ya mlango mmoja. Mlango wa kwanza ni ukame wa damu. Mishipa midogo ikikakamaa na kuwa myembamba, maeneo ya ndani ya ubongo hukosa oksijeni kidogokidogo, na vinatokea viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyeviona, hata mgonjwa mwenyewe. Kimoja hakimwangushi mtu. Vikiwa kumi na tano, mwendo unabadilika, mawazo yanakuwa mazito, na mipango aliyokuwa akiifanya kwa dakika mbili inamchukua asubuhi nzima. Kiharusi kikubwa nacho kina deni lake: takriban mtu mmoja kati ya kumi hupata demensia muda si mrefu baada ya kiharusi cha kwanza, na kiharusi kikijirudia idadi hiyo hupita theluthi moja. Hapa sisi watu wa mijini tuna la kuhofia. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, umri ukisawazishwa, viharusi vipya Dar es Salaam vilikuwa karibu mara tatu ya vile vya Hai.

Mlango wa pili ni kuvuja. Kemikali za kinga zinazozunguka katika damu huulegeza mshono wa mishipa ya ubongo. Protini za damu zinazopaswa kubaki nje zinaingia, na mikroglia zinaamka kwa vita. Mikroglia iliyokaa vitani muda mrefu huacha kuzoa takataka na kuanza kuharibu hata miunganisho mizima ya seli za fahamu. Wakati huohuo, amiloidi, ile protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, inahitaji mishipa yenye afya ili iondolewe. Mshipa mgonjwa hushindwa kuitoa, na amiloidi ikirundikana kwenye kuta za mishipa, huzidisha ugonjwa wa mishipa hiyo. Ndiyo maana ubongo wa wazee wengi waliokufa na demensia, ukichunguzwa, haukutwi na Alzheimer peke yake wala maradhi ya mishipa peke yake. Yamo yote mawili.

Alois Alzheimer mwenyewe aliliona hilo. Mgonjwa wake mashuhuri, Auguste Deter, aliingia hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51 na kufariki mwaka 1906. Katika maelezo mafupi aliyochapisha mwaka 1907, Alzheimer aliandika juu ya nyuzi na mabonge katika ubongo wake, na pia juu ya mishipa mikubwa iliyokuwa imeanza kukakamaa. Nyuzi na mabonge ndivyo vilivyopata umaarufu. Mishipa ikasahaulika kwa miongo mingi, na nadhani hasara ya usahaulifu huo bado tunailipa, kwa sababu mishipa ndiyo sehemu ya ugonjwa huu tunayojua kuitibu kwa vidonge vya bei nafuu.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni urefu wa muda. Huko Honolulu, Hawaii, watafiti walikuwa wamehifadhi damu ya wanaume wenye asili ya Kijapani waliokuwa katika utu uzima. Walisubiri miaka 25. Waliokuwa na CRP ya juu zamani zile, ukiwalinganisha na waliokuwa na kiwango cha chini kabisa, hatari yao ya kupata demensia uzeeni ilikuwa karibu mara tatu. Damu ilikuwa imetoa habari robo karne kabla ya jina la kwanza kusahaulika. Ugonjwa wa baba wa miaka 75 tunayemwona leo akitafuta njia ya kurudi nyumbani ulikuwa unaandaliwa alipokuwa na miaka 50, anaendesha daladala au anafundisha hesabu, presha yake ikiwa 160 na hakuna aliyemwambia.

Msomaji anaweza kuwaza: kama inflamesheni ndiyo adui, si tumeze dawa za kuituliza? Swali hili ni la hatari, na nataka tulikalie kidogo, maana diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa katika kila duka la dawa, na wapo watu wazima wanaozimeza kila siku kwa ajili ya magoti na mgongo.

Wanasayansi nao waliwaza hivyohivyo. Waliona kwamba watu wenye baridi yabisi, waliotumia dawa za jamii hiyo kwa miaka, walionekana kuugua Alzheimer kwa uchache. Likaandaliwa jaribio nchini Marekani, ADAPT, kwa watu wa miaka 70 na zaidi wenye ndugu aliyekuwa na ugonjwa huo. Wengine walipewa naproxen, wengine celecoxib, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwezi Desemba 2004 dawa zilisimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na matokeo hayakuonyesha kinga yoyote dhidi ya demensia. Dawa hizi hupandisha presha, huchosha figo, na baadhi yake, diklofenaki ikiwamo, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayezimeza kila siku ili aokoe kumbukumbu anaibomoa mishipa ileile inayoilisha.

Kuna jamii moja nyingine inayotufunza uangalifu: Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Minyoo na maambukizi ni maisha yao ya kila siku, na CRP ya wengi wao iko juu. Kwa kanuni nyepesi ya "inflamesheni huziba mishipa" wangekuwa wagonjwa wa moyo wa kwanza duniani. Lakini watafiti walipowapiga picha za kifua watu 705, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba asilimia 85 hawakuwa na dalili ya chokaa katika mishipa ya moyo. Hakuna jamii nyingine iliyopimwa iliyoonekana na mishipa safi kama hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba demensia nayo ni nadra kwao, takriban asilimia 1 ya wenye miaka 60 na zaidi. LDL yao iko chini, presha yao iko chini, ni wachache wanaovuta sigara sana, na miguu yao haitulii tangu alfajiri.

Ninavyowaelewa, inflamesheni ya kupambana na minyoo, ikikuta mishipa isiyo na lehemu wala presha, haina cha kuunguza. Inayoua ni ile inayokutana na kuni. Kwa hiyo mkakati wa busara kwa wengi wetu ni kuondoa kuni, kwa kuwa kuigusa kinga yenyewe kunahitaji ustadi ambao hata CANTOS haikuupata bila kulipia. Kolchisini, dawa kongwe ya jongo, imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo: majaribio mawili makubwa yalionyesha faida, na jingine la mwaka 2024 halikuonyesha. Daktari wa moyo anaweza kuona anayefaa kuipata. Si dawa ya kujinunulia.

Kuni kubwa kuliko zote ni presha, na habari njema iko hapo. Mwaka 2019 jaribio la SPRINT nchini Marekani, lililokuwa na watu 9,361, lilionyesha kwamba kuishusha ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya kuridhika na chini ya 140 kulipunguza kwa asilimia 19 ule udhaifu wa kumbukumbu unaotangulia demensia. Demensia yenyewe ilipungua kwa kiasi ambacho hesabu hazikuweza kukithibitisha. Uthibitisho ukaja kutoka China mwaka 2025. Katika vijiji 326, wakazi karibu 34,000 wenye presha walifuatiliwa kwa miaka minne. Katika nusu ya vijiji, matibabu yaliachwa mikononi mwa matabibu wa kijijini, watu wasio na shahada za udaktari, waliofundishwa kupandisha dozi hatua kwa hatua kufuata mwongozo, kutoa dawa bure au kwa bei ya chini, na kuwapa wagonjwa vipimo vya kujipimia nyumbani. Katika vijiji hivyo, hatari ya demensia ilipungua kwa asilimia 15.

Nimeisoma habari hiyo nikiwafikiria wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza chandarua, chanjo na kliniki ya mama mjamzito. Kipimo cha presha ni kifaa kidogo kinachoingia kwenye begi. Dawa kama amlodipini ni za zamani na nafuu. Kilichofanyika China hakikuhitaji mashine za kupiga picha ya ubongo wala wataalamu bingwa. Kilihitaji mtu anayejulikana kijijini, dawa isiyokatika, na ufuatiliaji. Sioni sababu ya Hai, Kilifi au Kasulu kusubiri.

Chumvi nayo ina hadithi yake. Watafiti wa New York, chini ya daktari Costantino Iadecola, waliwalisha panya chumvi nyingi mno, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba chumvi hiyo iliamsha chembe za kinga ndani ya utumbo, chembe hizo zikamwaga kemikali katika damu, na mishipa ya ubongo ikapunguza nitriki oksaidi. Damu ya ubongo ilipungua na panya wakashindwa mitihani ya kumbukumbu. Waliporudishwa kwenye chakula cha kawaida, hali ikatengemaa. Panya si watu, na chumvi yao ilizidi ya meza zetu. Njia yenyewe, kutoka utumboni hadi kichwani, ndiyo inayostahili kutazamwa.

Na kuna moshi. Uchafuzi wa hewa umo katika orodha ya mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba yanahusika na karibu asilimia 45 ya demensia zote duniani, pamoja na presha, kisukari, LDL, unene, sigara na kukaa bila kujishughulisha. Chembe ndogo za moshi wa kuni na mkaa hupenya hadi ndani ya mapafu na kuamsha kinga kila siku. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mjadala huo huzungumzia misitu na mapafu. Ubongo wa mpishi nao uwekwe humo. Usukumani na Kilifi wamewahi kuuawa wakongwe kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwa "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu ya bibi na maneno yake yasiyoshikana. Mafiga yanaweza kuwa yamechangia vyote viwili, na hakuna aliyeyashtaki.

Wanaoishi na VVU wana sababu ya ziada ya kufuatilia. Hata ARV zinapovifanya virusi visionekane katika damu, inflamesheni ya chinichini hubaki, na mishipa huzeeka mapema. Jaribio la REPRIEVE, lililowashirikisha watu 7,769 wenye umri wa miaka 40 hadi 75, Waganda wakiwamo, lilionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge cha statini, dawa ya kushusha lehemu, kila siku kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, hata kwa watu ambao hatari yao ya moyo ilihesabiwa kuwa ya chini au ya wastani. Kizazi kilichookolewa na ARV sasa kinaingia uzeeni, na kliniki zinazowahudumia zina mazoea ambayo kliniki nyingine hazina: zinamjua mgonjwa kwa jina na kumtafuta asipofika. Kuongeza kipimo cha presha na statini hapo ni kujenga juu ya msingi uliokwisha kusimama.

Limebaki jambo moja ambalo familia nyingi hulikuta zikiwa peke yao. Mtu anayeanza kusahau husahau pia vidonge. Presha iliyokuwa imetulia inapanda tena, mishipa midogo inaumia, kusahau kunazidi, na vidonge vinaachwa zaidi. Kliniki ya presha inaona namba mbaya na kuongeza dozi. Haijui kwamba hata dozi ya zamani imejaa kabatini. Mama au baba akianza kurudiarudia maswali, asiende kliniki peke yake. Mtoto au mjukuu aingie naye chumba cha daktari, amweleze alichokiona nyumbani, ahesabu vidonge vilivyobaki, na aombe dozi ipangwe ili imezwe mara moja kwa siku, asubuhi wakati wa chai, mtu mwingine akiwa mezani. Daktari naye aulizwe waziwazi kuhusu kumbukumbu, sukari, lehemu, na dawa za maumivu ambazo mzee huzinunua dukani bila kumwambia mtu.